Mashine Ni ya Nani

Agata aliniandikia kwenye simu kwamba baba yake amefariki na mazishi ni Jumamosi, huko huko nyumbani, kwenye milima ya juu ya Mbinga. Nilichelewa kujibu, akadhani sijamkumbuka marehemu, akatuma ujumbe wa pili wenye maneno mawili tu: "Osmundi Mashine." Nilikuwa kwa kinyozi, nusu ya kichwa imenyolewa, na kinyozi akaniuliza kama wembe umenikata. Nilimjibu hapana, ni msiba. Ilikuwa nusu ya ukweli. Osmundi nilikuwa nimemkumbuka tangu ujumbe wa kwanza. Kilichonikunja uso ni lile jina la pili, ambalo nilikuwa nalisubiri hata kabla halijafika. Jina hilo lilitoka kinywani mwangu mwaka nilioishi kwake kama mpangaji. Sikumpa yeye. Nilimpa mkewe, bila kujua kwamba natoa jina, na Osmundi akalichukua akalivaa hadi kaburini.

Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na mitano, mwalimu mpya wa baiolojia katika sekondari moja ya milimani, mwenye shahada, viatu vyeusi vya kamba na imani kwamba watu wanateseka kwa sababu hawajaelezwa. Matope ya Mbinga yalivimaliza viatu kabla ya Pasaka. Imani ilichukua muda mrefu kidogo. Chumba changu kilikuwa mwisho wa nyumba ya Osmundi, zamani kilihifadhi magunia ya kahawa, na harufu ile ya kahawa iliyolowekwa ikachacha haikuwahi kukubali kuhama. Ukuta mmoja ulinitenganisha na chumba cha wenye nyumba, na dirisha lilitazama jikoni, kibanda cha matofali mabichi ambamo wanawake walichambua maharage na kuchambua watu. Mtu aliyeishi kwenye chumba kile hakuhitaji redio.

Mke wa Osmundi aliitwa Leonsia, Mama Agata kwa sisi wote. Alikuwa Mnyasa wa Lundo, kando ya ziwa, ameolewa kwa Wamatengo, na miaka yote aliyokaa milimani hakuacha kuionea huruma milima. "Huku samaki anafika amekwisha kusahau maji," aliniambia siku ya kwanza aliponiwekea mbasa mkavu juu ya ugali. Wakati wa baridi ya Juni alinikuta nimejifunika blanketi ninasahihisha daftari, akacheka: "Mwalimu, hata wewe? Nilidhani shahada inatia joto." Alikuwa na watoto wanne, Agata akiwa mkubwa, na alikuwa akikaribia arobaini alipobeba mimba ya tano. Mtoto alizaliwa mwishoni mwa Kwaresima, wakamwita Kasto.

Nilipoitwa kumwona mtoto, nilijua kabla sijakaa. Macho yaliyoinuka kidogo pembeni, shingo laini, mstari mmoja uliokata kiganja kizima. Ningependa kuandika kwamba nilimhurumia mama yake. Nilimtazama yule mtoto kama mwanafunzi anayefunua karatasi ya mtihani na kukuta swali alilolisomea. Kromosomu ya ishirini na moja, nikasema moyoni, zipo tatu badala ya mbili, na nilitembea kurudi chumbani kwangu nikiwa nimefurahi. Daktari wa hospitali ya misheni, mtu wa kutoka Kagera, alisema hivyo hivyo baadaye, kwa maneno machache, akawaambia wamwangalie moyo na wampe maziwa kwa subira. Nilikasirika kidogo kwamba alinitangulia.

Kufikia wakati kahawa inaiva, wanawake wa dirishani kwangu walikuwa na maelezo yao. "Macho yale si ya ukoo huu," alisema mmoja. "Wala si ya ziwani," akajibu mwingine, "mimi Wanyasa nawajua." "Basi ya nani?" "Kwani barabara walikuja kuipima akina nani mwaka jana?" Kikafuata kicheko kilichofunikwa na kishindo cha kinu, kwa sababu Leonsia alikuwa anarudi na ndoo ya maji. Walioipima barabara walikuwa wageni wa mbali na walikaa wiki chache. Mmoja wao aliwahi kununua mayai pale nyumbani. Hiyo ilitosha. Yale maneno yalipanda kutoka jikoni hadi kwa wanaume, na kwa Wamatengo jambo likishafika kwa wanaume wa ukoo linakwenda sengu.

Sengu ni mlo na ni baraza. Wanaume wa ukoo mmoja wanakaa pamoja, kila nyumba inaleta ugali wake na mboga yake, wanakula sahani moja baada ya nyingine, na wakishanawa ndipo mambo yanasemwa. Mkubwa wa sengu ya kina Osmundi alikuwa baba yake mkubwa, Mzee Ditrik, mzee wa kanisa, mwembamba, mwenye maneno ya kukata bila kupandisha sauti. Osmundi hakuwa msemaji. Alinijia asubuhi moja nikipiga mswaki nje, akasimama akitazama povu langu. "Mwalimu," akasema, "hilo la mtoto, wewe unalifahamu?" Nikamwambia ndiyo. "Unaweza kuwaeleza wazee waelewe?" Mdomo ulikuwa umejaa povu lakini nilishasema ndiyo ya pili. Aliyekuwa anaombewa msaada ni mke wake, ili abaki nyumbani kwake kwa heshima yake. Mimi nilisikia nimealikwa kutoa somo.

Nilijiandaa vizuri, na hilo ndilo linalonichoma hadi leo. Nilichukua kikapu cha kahawa mbivu na nikaomba ile mashine ya mkono ya kumenyea iletwe mbele ya wazee. Nikabana tunda moja kwa vidole, punje mbili zikatoka zimelaliana kifua kwa kifua. "Mnaona? Zinakaa mbili mbili. Ndani ya miili yetu kuna vitu kama hivi, vinakaa jozi jozi, na ndivyo vinavyobeba sura na akili. Mwili ukitaka kutengeneza mbegu ya mtoto, unazitenganisha jozi. Moja huku, moja kule. Baba anatoa moja, mama anatoa moja, mtoto anapata mbili." Nikazungusha mpini. Punje zikadondoka kwenye beseni. Wazee wakasogea. Sijawahi tena kupata darasa lililonyamaza vile. "Sasa, mashine haikosei?" "Inakosea sana hiyo," akasema mmoja, wakacheka. Kweli kwenye beseni kulikuwa na matunda yaliyopita mazima, punje mbili zimegandana ndani ya ganda lake. Nikaliinua moja. "Hivi ndivyo ilivyokuwa. Jozi moja haikuachana. Upande mmoja ulitoa mbili, upande mwingine ukatoa moja, mtoto akapata tatu. Hakuna mgeni wa barabara hapo. Huyu ni mtoto wa Osmundi kabisa."

Nakumbuka Osmundi alivyoshusha mabega. Kama mvua ingenyesha wakati ule, kama mwanafunzi angekuja kuniita, ningekuwa leo mtu mwenye kumbukumbu nzuri. Lakini Mzee Ditrik alikuwa ameokota tunda lile zima, analigeuza kwenye mwanga. "Mwalimu umeeleza vizuri," alisema. "Umesema ni upande mmoja uliotoa mbili. Sasa mashine iliyokosea ni ya nani?"

Mtu yeyote mwenye akili angesikia kwamba swali lile halikutaka elimu. Mimi nilisikia swali la nyongeza la mwanafunzi hodari. "Mara nyingi," nikasema, "ni upande wa mama. Mayai ya mwanamke hukaa muda mrefu, na umri ukisogea hatari inaongezeka." Nilitamka neno hatari kwa ufasaha. Mzee Ditrik alitikisa kichwa taratibu, akalirudisha tunda kwenye beseni. "Basi kumbe imechakaa," akasema. "Mashine ikichakaa, mtu ananunua nyingine." Wakacheka. Akainua mkono wake wa mzee wa kanisa: "Msinielewe vibaya. Kanisa halituruhusu kununua nyingine. Lakini halikatazi kuipumzisha ya zamani kwao ilikotoka." Wakacheka zaidi. Nilimtazama Osmundi. Alikuwa ananawa mikono, ambayo alikwisha kuinawa, na aliendelea kuinawa mpaka maji yakaisha kwenye kopo. Nyuma ya ukuta wa jikoni, ambako wanawake walikuwa wanasubiri vyombo, hakukuwa na sauti hata ya kijiko.

Jioni ile nilikaa kitandani kwangu na ukuta ukaniambia yaliyobaki. "Mimi nimechakaa?" aliuliza Leonsia. Hakupandisha sauti. "Mimi sijasema hivyo," akajibu Osmundi. "Najua hukusema. Ulikuwa umekaa pale, hukusema. Ndilo hilo nalisema." Mtoto akalia, akanyonyeshwa. "Kesi ya uzinzi ningeishinda, mume wangu. Mungu ananijua. Hii ya uzee nitaishindaje?" Nimesoma vitabu vingi tangu siku ile, na vingine nimejaribu kuviandika, na sijapata sentensi inayonieleza vizuri kuliko ile: nilimwondolea mwanamke kesi aliyoweza kuishinda, nikampa isiyo na utetezi.

Aliondoka siku ya gulio, mchana, mbele ya watu, mtoto mgongoni na begi kichwani, akapanda lori la kwenda Mbamba Bay. Kabla ya hapo alinipitia mlangoni. "Mwalimu, chumvi ipo kwenye lile kopo la maziwa. Na uji wako nimeufunika." Nilisema kitu, sijui nini. Akanitazama bila hasira. "Asante kwa kutuelimisha," akasema. Uji ule niliunywa. Ningeweza kudai kwamba haukupita kooni, lakini nilikuwa na njaa, na ulikuwa na karanga.

Nyumba ilibaki ya wanaume na wasichana wanaonuna. Agata alipika, akaniwekea chakula bila kunitazama. Osmundi alimenya kahawa yake, akaikausha kwenye vichanja, akaigeuza geuza hata isipohitaji kugeuzwa. Matunda yaliyopita mazima kwenye mashine aliyabana kwa vidole moja moja, kama alivyofanya kila mwaka, na mimi nikawa natafuta njia nyingine ya kwenda chooni nisimwone. Shuleni niliruka mada ya mgawanyiko wa seli. Wanafunzi wawili walikuja kuuliza kwa nini. Nikawaambia haitoki kwenye mtihani, na ikatoka.

Likizo ya Septemba nilikwenda Lundo. Nilijiambia naenda kuomba radhi. Niliteremka na lori mpaka Mbamba Bay, nikakodi baiskeli, na njia nzima, ziwa likiwa limenyooka kando yangu, nilikuwa natunga hotuba. Nilimkuta Leonsia amekaa kivulini mwa nyumba ya mama yake anaanika dagaa kwenye chandarua kikuukuu, Kasto amelala kwenye mkeka anapigana na mguu wake mwenyewe. Walinipokea kama mgeni. Nilikula ugali wa muhogo na samaki aliyekuwa bado anakumbuka maji. Halafu nikaanza kuomba radhi, na radhi ikageuka somo, maana sikuwa na chombo kingine. Nilisema kosa si lake hata kidogo. Nilisema kazi ya kuzitenganisha zile jozi haikuanza juzi: mayai ya mwanamke huanza kugawanyika yeye mwenyewe akiwa bado tumboni kwa mama yake, halafu yanasimama katikati ya kazi, yanasubiri miaka na miaka. Kwa hiyo, nikasema nikiinua kidole, Mama Agata alipokuwa bado hajazaliwa, tayari...

"Ngoja," alisema mama yake, Bibi Fotunata, aliyekuwa pembeni akitoa magamba ya samaki. "Tumboni mwangu?"

"Ndiyo, Bibi."

"Kwa hiyo umetoka Mbinga, umelipa lori, ukakodi baiskeli, uje kuniambia kosa ni langu mimi."

Leonsia alicheka mpaka akaegemea ukuta. Bibi Fotunata hakucheka. Aliniongezea samaki, kama mtu anayemlisha mgonjwa. "Kula, mjukuu wangu," akasema. "Ukiwa unatafuna humnenei mtu." Nilitafuna. Sijui kama nimewahi kuwa mwekundu hivyo tena, kama ngozi yangu inaruhusu neno hilo.

Aliponisindikiza, Leonsia alinipa kauli ya kupeleka. Alikuwa amembeba Kasto begani, naye ananivuta kola. "Mwambie mwenzangu sirudi kwa salamu, wala kwa vitenge. Swali liliulizwa sengu, mbele ya wanaume, naye alikuwepo. Aende akalijibu pale pale lilipoulizwa. Akishajibu, aje mwenyewe achukue watu wake." Nikauliza ajibu nini. "Hilo ni lake," akasema. "Wewe usimfundishe."

Nilimfikishia Osmundi maneno yale kama yalivyo, na kwa mara moja katika mwaka ule sikuongeza kitu. Alisikiliza, akaendelea kukata majani shambani, kwa maana ulikuwa wakati wa kuandaa ngolo, yale mashimo yao ya kulimia mlimani. Wanaume wanakata majani na kuyapanga miraba, wanawake wanayafukia kwa udongo. Mistari ya Osmundi ilikaa imepangwa, majani yakakauka bila wa kuyafukia, na kila aliyepita njiani aliona. Wiki zikapita. Mvua za kwanza zilipokaribia nilikwisha kuamini kwamba hatajibu kamwe.

Alijibu kwenye sengu ya kabla ya Noeli. Alisubiri watu washibe. "Baba Mkubwa," akasema, na sauti yake ilinishtua maana sikuwahi kuisikia ikijaza mahali, "wakati wa kahawa uliuliza swali hapa. Mashine iliyokosea ni ya nani."

"Na mwalimu alijibu," alisema Mzee Ditrik.

"Mwalimu alijibu ya watu wengi. Ya nyumba yangu hakuijibu. Ya nyumba yangu ni yangu mimi. Punje zilipita mbili kwangu."

Watu wakatazamana. "Nani kakwambia?"

"Muulizeni mwalimu kama kwa mwanamume haitokei."

Wote wakageuka. Hakuna aliyewahi kupima. Hakuna ambaye angepima; na ukweli niliokuwa nao ni kwamba kwa mwanamume hutokea, ila mara chache sana kuliko kwa mwanamke. "Inawezekana," nikasema.

"Hata mvua ya Agosti inawezekana," alisema Mzee Ditrik. "Nakuuliza ya huyu. Ndiyo au siyo?"

Osmundi hakuniangalia kwa kuomba. Aliniangalia kama mtu aliyeinua upande wake wa gogo anayesubiri mwenzake ainue upande wa pili. Mimi, niliyekuwa mwepesi wa kusema pale ambapo kimya kingetosha, nilichelewa. Nilichelewa kiasi cha wazee wawili kuanza kutabasamu. Nilikuwa nawaza, Mungu anisamehe, juu ya usahihi.

"Ndiyo," nikasema mwishowe. "Ni yake."

"Loo," akasema Mzee Ditrik, "basi wa kurudishwa kwao ni wewe, Osmundi, na kwenu ndiyo hapa." Kikapasuka kicheko cha sengu nzima, cha wanaume walioelewa mashine kwa namna yao, na Osmundi akacheka nao, akiwa ametazama chini. Kesho yake alishuka Lundo. Alirudi siku ya gulio, mchana, amembeba Kasto mwenyewe kifuani kwa kitenge, kitu ambacho wanaume wa pale hawafanyi, akapita katikati ya gulio, Leonsia nyuma yake mikono mitupu. Mtoto akabatizwa kwenye misa kubwa. Jina la Osmundi Mashine likashika kabla ya Mwaka Mpya. Vilabuni waliliita kwa kicheko, halafu kwa mazoea, halafu ikawa ndilo jina lake. Mimi niliomba uhamisho mwaka uliofuata.

Jumamosi ile ya mazishi, kijana aliyesoma wasifu wa marehemu alieleza kwamba aliitwa Mashine kwa sababu alikuwa mtu wa kwanza kitongojini kuwa na mashine ya kumenyea kahawa. Wazee waliobaki wakaangalia viatu vyao. Mzee Ditrik hayupo siku nyingi. Kasto, ambaye ni mwanamume mnene mwenye ndevu chache na amri nyingi, ndiye aliyesimamia nani akae wapi. Alinihamisha mara mbili, kisha akanikumbatia akalia kwenye shati langu, akamcheka mtu aliyeteleza kwenye tope, akalia tena. Vichanja vya kahawa ni vyake sasa, aliniambia Agata. Hakuna anayeruhusiwa kuigeuza kahawa ila yeye.

Niliingia chumbani kumpa pole mama. Ni kile kile cha upande wa pili wa ukuta wangu. Amekaa godoroni katikati ya wanawake, mdogo kuliko nilivyomkumbuka. "Shikamoo, Mama Agata." "Marahaba, mwalimu. Umezeeka." Akaniwekea nafasi pembeni yake. Tulikaa kimya, na nilijivunia kimya changu, mpaka aliponiinamia sikioni.

"Amezikwa nalo lile jina," akasema. "Hatukuwahi kuliongelea, mimi na yeye. Hata siku moja. Sasa niambie wewe uliyesoma. Mashine ilikuwa ya nani?"

Nilikuwa na majibu kadhaa, yote sahihi. Nilikuwa na lile la hatukupima. Nilikuwa na lile la mara nyingi.

"Yake," nikasema. "Ilikuwa yake, Mama Agata."

Alinitazama muda, jicho moja limefinywa, vile alivyokuwa akiwatazama samaki wa Mbinga. "Waongo nyie," akasema. "Waongo wawili." Na kicheko kikamtoka kabla hajakiziba kwa kanga, kikanipata na mimi, na wanawake wa msibani wakageuka kututazama kama watu wasio na adabu. Niliona aibu, kama kawaida yangu katika nyumba ile. Ila safari hii nilikuwa na mwenzangu.